Uvimbe wa Mama Umegeuka

Mdogo wangu Rehema,

Pokea salamu kutoka kwenye joto la Korogwe. Mama na mimi tulifika salama, ila tumechoka sana. Kile kiuvimbe cha pafuni, ambacho zamani tuliambiwa hakina neno, kimegeuka kuwa saratani. Daktari alisema wanaopatwa na hali hiyo ni wachache mno. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Kimekaa kwangu kwa adabu miaka yote. Nani amekiudhi?" Daktari alisema tu kwamba mama apasuliwe Dar es Salaam kabla hakijasambaa.

Nilidhani atakataa. Alikaa kwenye benchi nje, akala chungwa polepole, akakohoa, akapumzika. Halafu akasema, "Twende tu, mwanangu. Nimechoka kuogopa."

Kesho tunapanda treni. Mweleze mwenyekiti wa kijiji kwamba mama hatalima shamba la ujamaa msimu huu. Watoto wape pole yangu, nawe ule, usijinyime kwa mawazo.

Usishangae mwandiko kupinda. Mama amelala begani kwangu, nami sitaki kumwamsha.

Dada yako akupendaye,
Zaina