Chumba Chenye Mtu

Jumatatu, 3 Machi
Spika zote za chumba changu cha maonyesho zimefungwa — ukutani, darini, nyingine chini ya sakafu ya mbao. Ukiingia gizani unasikia mtu: anakohoa nyuma yako, anavuta kiti, anakupita begani. Humwoni. Nilikaa katikati, nikafumba macho, mwili ukanisisimka. Kazi imetoka! Nikageuka nimwambie mtu. Thubutu. Nani?

Jumanne, 4 Machi
Mama msimamizi wa jumba la maonyesho kaja kukagua. Kasikiliza mpaka mwisho, kavaa viatu vyake taratibu. Ati ni nzuri, ila anayezunguka humo ni mtu mmoja. Si ulisema ni nyumba ya familia, mwanangu? Wengine wako wapi?

Nyayo zote zangu. Kikohozi changu. Hata yule anayecheka jikoni ni mimi! Nilirekodi nyumbani kwangu, na kwangu hakuna mwingine. Ufunguzi ni Jumamosi. Nisipopata sauti ya pili, chumba msimamizi anampa mchoraji fulani.

Jumatano, 5 Machi
Jirani nimemwomba — kacheka, kafunga mlango. Rafiki wa zamani hapokei simu. Mwishowe nikampigia dada yangu. Hatujaonana tangu tugawane vitu vya marehemu mama. "Yaani nipande basi, nije nitembeetembee tu sebuleni kwako?" Ndiyo, dada. "Una wazimu wewe." Nikadhani kakata. Halafu: "Nitakuja Ijumaa."

Nimefagia nyumba nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Kafika. Kanenepa kidogo, kazidi kufanana na mama. Nikamwonyesha maiki nilizotega kila kona, nikamwambia ajione yuko kwake, nikajifungia chumbani na hedifoni masikioni. Nasubiri, nasubiri — hola! Nikachungulia. Dada yangu kakaa wima kwenye kochi, viatu kavua, mikono mapajani, pumzi kaibana. Eti aliogopa kuniharibia kazi! Mtu ambaye utotoni hakuacha kiumbe kilale kwa makelele yake, leo ndiyo kawa mstaarabu. Nimerekodi chumba kitupu.

Tulicheka mpaka machozi. Nikazima mitambo yote, nikamwambia basi, tumeshindwa, nikarudi chumbani kukunja waya.

Ndipo alipoanza. Anaburuta kandambili zangu. Anafungua makabati, anayabamiza, ananisema kwa vumbi na sufuria moja tu ndani ya nyumba nzima. Anaimba — vibaya, kama zamani. Ndiyo yenyewe! Waya bado sijazichomoa, kitufe kiko hapa mezani, kesho watu wanakuja. Lakini nikibonyeza, vitaa vyekundu vitawaka kila kona, ataviona, atanyamaza tena. Na jioni hii anaondoka.

Mkono mmoja uko kwenye kitufe, mwingine unaandika haya. Sijabonyeza. Nina hamu naye, na yumo humu humu ndani.

Sasa anapaza sauti kutoka jikoni: sukari iko wapi? Iko mbele yake, kwenye kopo la bluu. Sijajibu. Nataka aniite tena.