Tadei Amenirudishia Santuri Bila Fidla

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie maana nimechoka, mimi ni Fabiani wa hapa Sumbawanga, shule niliishia darasa la tatu lakini kwa muziki wa okestra za Ulaya usinichezee, Rukwa nzima hakuna mwenye santuri kama zangu, aliniachia padri mzee niliyekuwa nampigia kinanda parokiani. Wapenzi wa muziki huu tupo watatu, mimi na Tadei wa Milepa tuliyeimba naye kwaya tangu ujana, na Ambwene wa Mbeya anayefanya kazi ofisi ya ardhi hapa mjini, na desturi yetu Jumapili baada ya misa kila mtu analeta santuri anayoipenda, tunasikiliza kimya, hata pombe ya ulezi haimiminwi mpaka upande wa santuri uishe, kisha tunaazimana.

Sasa Tadei nilimwazima ile ninayoipenda kuliko zote, akairudisha fidla hazimo! Besi ipo, ngoma zinanguruma, fidla zimefutika. Nikamwambia, "Umeipiga kwa sindano butu, umeikwangua." Akasema, "Bwana we, fidla si hizo zinalia?" Nikamwita mwongo. Ambwene naye akadakia, "Mzee, mbona hata mimi nazisikia?" Huyo kutwa anasikilizia muziki kwenye simu, atajua nini? Mke wangu Bertilla anamtetea Tadei, tena siku hizi anaongea kwa kunong'ona tu, sijui ni dharau. Nimebadilisha sindano, nyaya, spika, nimefungulia sauti mpaka jirani kalalamika, wapi! Na santuri nyingine nazo zimeanza hivyo hivyo, hata ambazo Tadei hajazigusa, nadhani ni vumbi. Mwaka huu kila kitu kimeharibika, hata nyenje hawalii. Tadei haji tena, na bila yeye muziki wenyewe haunogi. Nifanyeje akubali kosa, turudi kama zamani?

Mzee Fabiani, Sumbawanga

JIBU

Shikamoo Mzee Fabiani. Wewe unayejua muziki kuliko Rukwa nzima, nijibu: vumbi gani linakula fidla na kuacha ngoma? Santuri ambazo Tadei hakuzigusa, nani kazikwangua? Na nyenje je, nao aliwaazima?

Nyenje wapo, mzee wangu. Mkeo Bertilla hanong'oni. Masikio yako ndiyo yamechoka, na yakichoka huanza kuziacha sauti nyembamba. Pole sana, najua kwako hilo ni kama kunyang'anywa mkono. Ila kumwita rafiki wa ujana mwongo, huo si uzee, ni kiburi, na hapo sikuhurumii.

Nenda hospitali ukapimwe. Huenda ni nta ya masikio tu, wataisafisha. Usijichokonoe kwa unyoya wa kuku. Lakini usingoje majibu ndipo uombe radhi. Panda gari la Milepa wiki hii hii, mchukue na Ambwene, kwa kuwa ulimtukana Tadei mbele yake. Usijieleze sana. Sema, "Tadei, fidla zimo, ni mimi nisiyezisikia." Kisha nyamaza, hata akikufokea.

Na kama daktari atasema hayaponi, mwambie Tadei hilo pia, usimfiche. Mkisikiliza, akae karibu yako. Fidla zikiingia akushike mkono, zikitoka akuachie. Zinachoimba hapo katikati, wewe unakijua kwa moyo.