Nimemfuta Baba Mkwe Kwenye Picha ya Ndiva

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako, na kama utaichapa barua hii tafadhali badilisha majina, mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, naishi huku milimani Upare, juu ya Gonja, natengeneza tovuti, mtandao unashika vizuri nikikaa nyuma ya zizi la mbuzi kwa hiyo ofisi yangu iko hapo, na ninapiga pia picha za mashamba na milima, na kila picha naiandikia siku na saa kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu.

Sasa kamati ya kijiji iliniomba niwatengenezee tovuti ya kuvutia wageni, ndipo Alhamisi moja alfajiri nikapanda hadi kwenye ndiva, yaani lile bwawa letu la asili ambalo maji hujikusanya usiku, halafu asubuhi mwenye zamu anachomoa kizibo na kuyapeleka shambani kwake kwa mfereji, nikapiga picha nikashuka nikiwa na furaha maana maji yalikuwa yametulia kabisa na ukungu ulikuwa ndio unapanda, lakini Ijumaa nilipoikuza kwenye kompyuta nikaona ukingoni kuna mtu ameinama anachomoa kizibo, amevaa koti la mvua la njano, na koti hilo kijijini analo mtu mmoja tu, Mzee Melkizedeki, ambaye ndiye mgawa maji wetu, tena ni baba yake Rogathe, na Rogathe ndiye ninayemuoa mwezi ujao.

Mshauri, Alhamisi ni zamu ya Nassoro, mkulima ambaye shamba lake liko mwisho wa mfereji, upande wa kuteremkia Maore, na siku hiyo alipofika saa mbili alikuta tope na vyura, akaenda kulalamika kwa mgawa maji, mgawa maji akasema Nassoro ameyafungulia mwenyewe mapema na sasa anataka zamu ya pili. Mimi Jumamosi nikamfuta mzee kwenye picha, nikaweka kichaka, kazi ilitoka vizuri sana ingawa niliifanya haraka maana umeme ulikuwa umekatika na betri ilibaki asilimia nne, nikaipandisha ukurasa wa mbele, na Jumapili baada ya ibada kamati ikakaa, ikamnyang'anya Nassoro zamu yake hadi msimu uishe kwa kosa la wizi wa maji na kusema uongo, nami nilikuwepo, nilikuwa napiga picha za mkutano kwa ajili ya tovuti.

Tatizo ni kwamba mtu nilimfuta ukingoni nikasahau kumfuta kwenye maji. Sura yake imebaki majini, koti, kofia na mikono, na juu yake hakuna mtu, kuna kichaka. Watu wameiona wakasema ni mzimu wa ndiva umekasirika kwa ajili ya wizi wa Nassoro, wazee wanataka kuchinja kondoo, mchungaji anataka maombi ya siku tatu, wageni wawili wamepanda kutoka Same kuja kuutafuta mzimu, kamati imenipongeza na kuniuliza kama nina picha nyingine ya mzimu, na msimamizi wa shughuli ya kondoo ni Mzee Melkizedeki mwenyewe. Rogathe aliitazama ile picha muda mrefu akaniuliza, "Hii uliipiga siku gani?" nikamwambia sikumbuki, na tangu hapo hajanitembelea, ila nyumbani kwao wananipenda, mama yake alinionyesha hata shamba la maharage ya harusi, limestawi wakati majirani yamewakauka, nikamshukuru Mungu.

Swali langu, je, nifute na ile sura ya majini, au nikiifuta sasa watu watashtuka? Nampenda sana Rogathe, sitaki kumkosa.

Mtengeneza tovuti, Same

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Umeandika barua ndefu ya kuuliza swali la kompyuta, na mimi kompyuta siijui, kwa hiyo nitajibu lile ambalo hukuuliza.

Mazao ya Nassoro yanaendeleaje? Umenieleza ukungu, umenieleza betri, umenieleza kondoo. Huyo mtu ana shamba lisilo na maji na jina la mwizi, na katika barua yako yote hukumwonea huruma hata kwa mstari mmoja. Hilo limeniudhi.

Ijumaa ulijua. Jumamosi ulifuta. Jumapili ulikaa mkutanoni na kamera shingoni, mwizi akiwa ndiye shahidi, na ushahidi ukiwa nyuma ya zizi lako la mbuzi. Usiniambie uliogopa kumkosa mchumba. Kuogopa ni haki yako, lakini hofu yako imelipiwa na mtu mwingine.

Na hayo maharage, ni nani aliyeyanywesha? Kila mtu yamemkauka, ya harusi yako yamestawi, nawe unamshukuru Mungu. Maji yale ni ya Nassoro. Mzee Melkizedeki hakuiba kwa ulafi, nadhani. Aliona aibu ya kulisha wageni wa binti yake sahani nusu. Namhurumia. Lakini huko kwenu mtu huweza kumwomba jirani nusu ya zamu yake, na kuomba kungemgharimu hodi moja tu.

Rogathe ameshajua, mwanangu. Koti la baba yake analijua kuliko wewe. Alikuuliza siku ili uone mlango uko wazi, nawe, mtu wa kuandika siku na saa kwenye kila picha, ukamwambia hukumbuki. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwa mtu unayetaka kuzeeka naye.

Sasa sikiliza. Usifute kitu tena. Ichukue ile picha ya kwanza, mchukue na mshenga wako, nenda kwa Mzee Melkizedeki mchana kweupe. Msalimie kwa heshima, mpe picha mkononi, mwambie unataka aende kwenye kamati mwenyewe na kwamba utakwenda pamoja naye, maana na wewe una la kusema. Akikataa, nenda peke yako. Kabla ya jua kuchwa fika kwa Nassoro, umwombe radhi kwa mdomo wako, si kwa ujumbe wa simu. Rogathe mwambie siku, na saa. Akikuacha, atakuwa na sababu. Asipokuacha, usimdanganye tena maisha yako yote. Kondoo arudishwe zizini, hana kosa.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Lakini kijijini kwenu mzimu ni mmoja, koti la njano ni moja, na mtengeneza tovuti ni wewe peke yako, na nadhani ulilijua hilo ulipofunga bahasha. Gazeti hili hufika kwenu na basi la saa nne, na dukani husomwa kwa sauti. Kama umefika mstari huu na bado umekaa, inuka.