Nilitaka Iwe Simu

Jumanne. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri. Mlima haujaonekana, leo siku ya tatu.

Leo nimeambiwa kwamba sikumuua mwanangu, na nimelia kuliko siku niliyompoteza.

Ilikuwa mimba yangu ya tatu. Zote zimetoka, hii ya mwisho ikiwa na miezi mitano. Nafanya kazi ofisi ya mabasi hapa Sakina, upande wa vifurushi, na simu mbili za ofisi hushinda kwenye mfuko wa aproni, juu ya tumbo. Mama mkwe alipokuja kutoka Machame kunipa pole, aliuliza simu hizo nilikuwa naziweka wapi. Nikamwonyesha. Akasema basi ni mionzi, ndiyo iliyomchoma mtoto.

Aminiel, mume wangu, alikuwa anasikia. Tangu siku ile, nikishika simu anahama chumba.

Nakiri hapa kwa kuwa kwenye kafe hii ninapoandikia hakuna anayenijua: niliamini, na kuamini kulinisaidia. Kama ni simu, nitaacha kazi, na mtoto wa nne ataishi.

Nilitaka iwe simu.

Mchana alikuja mhandisi mmoja wa minara ya simu kuchukua mzigo wake. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamuuliza. Hakunicheka. Alisema mawimbi ya simu yakiwa makali mno hupasha mwili joto, na kikomo cha usalama kimewekwa chini sana ya hapo. Nikamtolea kijitabu kilichokuja na simu ya ofisi, akanionyesha namba ya nguvu ya mawimbi yake: imo ndani ya kikomo. Tena simu ikitulia mfukoni hutuma mawimbi mara mojamoja tu. Utafiti bado unaendelea, alisema, na yeye si daktari, lakini hajaona ushahidi wowote kwamba simu inatoa mimba.

"Dada, usijibebeshe lawama hii."

Nikamshukuru, nikampa mzigo wake, nikaingia stoo. Nilikaa juu ya magunia ya watu nikalia mpaka karani mwenzangu akaja kunitafuta.

Saa kumi nilimfuata Aminiel gereji. Nilimweleza yote amesimama, anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta hata palipokwisha takata.

"Kama si simu," akauliza, "ni nini?"

Nilichokuwa nacho ni barua ya daktari, wiki mbili sasa imo kwenye mkoba: anatutaka wote wawili, vipimo vya damu, kesho. Nikampa. Akaisoma hadi kwenye jina lake, akaikunja, akanirudishia.

"Nenda wewe kwanza."

Akarudi chini ya gari. Nilisubiri kidogo, labda angetoka. Hakutoka.

Kwa hiyo saa mbili asubuhi nitakuwa hospitali, peke yangu. Naogopa watakachokiona.

Naogopa zaidi wasipoona kitu.