Mke Wangu Hunijazia Upepo wa Kilo Themanini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kabla sijabaki bila meno ya mbele na bila mke, maana vyote viwili viko njiani kuondoka.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha mikate, mume wa fundi cherehani, na mwaka jana daktari aliniambia nipunguze mwili kwa ajili ya magoti, nikaanza vizuri, lakini mshauri, stoo yetu ndiko zinakoletwa keki zilizovunjika, haziuzwi na kuzitupa ni dhambi, basi kila mama watoto aliponiuliza nimefikia kilo ngapi nilikuwa napunguza kwa mdomo, mpaka siku moja nikajikuta nimesema themanini, akafurahi sana, akaninunulia zawadi, kile chombo cha umeme cha gurudumu moja, kisicho na kiti wala usukani, unasimama tu mguu huku na mguu huku, ukiegemea mbele kinakwenda. Ukweli ni kwamba nina kilo mia moja na nne.

Sasa tatizo ni tairi. Chombo kilikuja na jedwali la upepo kulingana na uzito wa mpandaji, na mke wangu ni mtu wa vipimo, kila asubuhi kabla sijatoka anachuchumaa na pampu na kipimo chake, anajaza upepo wa kilo themanini, si zaidi si pungufu, analipiga tairi kofi la upole na kuniambia, "Nenda salama, mwembamba wangu." Nami naondoka, tairi limebonyea chini yangu, kila shimo ringi inagonga lami, kwenye kona chombo kinayumba, betri inakata roho kabla sijafika, na majuzi niliruka nikatua mtaroni mbele ya watu waliokuwa wakisubiri basi, nikaja kumwambia mke wangu kwamba nimeteleza kwenye ngazi za kazini.

Nikatafuta njia. Dereva wa lori letu la mikate ana mpira wa kujazia upepo, basi nikifika kazini namwomba aniongezee, na jioni nikikaribia nyumbani nasimama kwenye kona napunguza, ili mama watoto asubuhi aikute namba yake. Wiki iliyopita nikasahau kupunguza. Asubuhi akaweka kipimo, akakitazama, akakiweka tena, akaniuliza nani ananijazia upepo huko nje, nami kwa woga nikasema dereva, akauliza dereva gani, nikasema yule mama wa lori, na tangu siku hiyo analala akitazama ukuta. Naapa hakuna kitu kati yangu na yule mama, ana mume wake na hata jina langu hulikosea. Jambo pekee linalokwenda sawa nyumbani ni suruali zangu, ambazo namshukuru Mungu hazijawahi kunibana.

Nifanyeje? Nikae kimya nionekane mzinzi, au niseme nionekane mnene na mwongo?

Wa Gurudumu Moja

*

Wa Gurudumu Moja, pole kwa mtaro. Pole imeishia hapo, sasa tusemezane.

Akili uliyoitumia kuficha ungeitumia kukataa keki, ungekuwa umeshazifikia hizo themanini bila kumdanganya mtu. Njia ya mwongo ni fupi, hilo uliambiwa ukiwa mtoto, na yako imeishia mbele ya kituo cha basi.

Tuanze na tairi, maana meno hayasubiri. Upepo hujazwa kwa mwili ulio nao, si kwa mwili unaoutamani. Tairi likiwa laini mno linakula betri, linayumba, na ringi inapokea mashimo badala yake. Likiwa gumu mno nalo linakurusha kwenye kila kokoto na halishiki barabara vizuri. Kwanza hakikisha chombo kinaruhusiwa kubeba mtu wa uzito wako, na fundi aikague hiyo ringi uliyoigongesha. Kisha soma mstari wa kilo mia moja na nne, jaza asubuhi tairi likiwa limepoa, usipite namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, uzunguke kidogo mahali pasipo na magari. Likikurusha, punguza kidogo. Likibonyea, ongeza kidogo. Na uvae kofia ngumu, baba.

Sasa suruali. Hapo nilicheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuchungulia. Wewe umeoa fundi cherehani, unakula keki za stoo nzima, suruali hazikubani, halafu unamshukuru Mungu? Geuza suruali moja ndani nje utazame mshono wa kiunoni. Nakuambia hata kabla hujautazama, umefumuliwa ukashonwa upya, na si mara moja. Mkeo anajua. Amekuwa akikuongezea kiuno kimyakimya ili usione aibu, akisubiri useme mwenyewe. Themanini anaijaza kwa sababu ndiyo namba uliyompa, na hakujua kwamba unaanguka, maana hata mtaro uliugeuza ngazi. Kwa subira yake hiyo naye nitamsema siku yake.

Kwa hiyo anapotazama ukuta, unene wako haumo. Kinachomuuma ni kwamba neno alilolingoja kwako, la uzito wako wa kweli, ulikwenda kumpelekea mama wa lori.

Leo jioni usisimame kwenye kona. Ingia na tairi hivyo hivyo, gumu, mpe kipimo mkononi, sema mia moja na nne, kisha unyamaze. Akicheka, cheka naye. Akilia, mwache amalize. Keki zilizovunjika kuanzia kesho mwachie mlinzi wa geti, yeye anatembea kwa miguu. Na asubuhi atakapochuchumaa na pampu yake akakuita tena mwembamba wangu, itikia bila aibu. Jina hilo hakuwahi kulipima kwa kilo.