Walinzi Wangu wa Mto Kagera

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba. Huku Nyakakika tu wazima, ila bibi yako anagombana na kuku wanaochakura kahawa aliyoianika.

Unauliza kama mbwa wako wawili watakulinda ukipiga hema peke yako kule hifadhini, kando ya Mto Kagera. Ngoja nikusimulie.

Nikiwa kijana nilikwenda Kyerwa kwa baiskeli kujitambulisha ukweni. Nilikuwa na mbwa wangu wawili na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, zawadi ya wakwe. Jioni nikapiga kambi kando ya mto huohuo. Nilipokwenda kuokota kuni, mbwa wakaangusha kibuyu, wakailamba rubisi yote, wakalala chali. Mara kiboko akatoka majini! Nikawaita, nikawafinya, wakakoroma tu. Kiboko akatutazama, akala majani yake, akaenda zake. Wangebweka hata mara moja, leo usingekuwa na babu wa kumwandikia.

Kesho yake nikafika ukweni na kibuyu kitupu na mbwa wanaopepesuka. Bibi yako alicheka mpaka akakaa chini. Nikajua nimekubaliwa.

Basi nenda nao. Ila mpitie hapa kwanza, nimewawekea hao walinzi kibuyu chao.

Babu yako