Uvimbe Chini ya Bega la Mama

Kijijini, 9 Novemba 2011

Mpendwa mdogo wangu Stergios,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi yangu Zoi na mabinti. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba huko Volos baridi haijawakamata. Huku theluji imeshakaa mlimani na mbuzi wameshushwa. Mimi ni mzima. Neno hilo si jepesi kwangu kuliandika, na leo nitakueleza kwa nini.

Tangu Pasaka nilikuwa na uvimbe mgongoni, chini ya bega la kulia, kama yai la bata. Nikiinua mkono kuanika nguo unajitokeza, nikiushusha unajificha. Sikumwambia mtu. Shemeji yako Kosmas ndiye aliyeuona siku niliyokuwa naosha nywele, akapiga kelele, "We mwanamke, unafuga nini mgongoni?" Nikamwambia ni mifupa ya uzee tu. Akasema, "Mifupa gani inachungulia na kurudi ndani kama kobe? Kesho hospitali, hata kama ni kukubeba!"

Daktari ni msichana, angeweza kuwa binti yangu. Alinipitisha kwenye mashine, akanichoma sindano nene kuchukua kipande cha nyama, akatuambia tungoje. Tulingoja siku kumi na mbili. Nililitoa gauni langu jeusi nikalipiga pasi, nikamwonyesha Kosmas lilipo ili asihangaike siku ikifika. Aliacha utani kabisa, nami nikajua anaogopa.

Siku ya majibu yule msichana alikuwa anatabasamu. Alisema si saratani, wala hautakuwa saratani. Ni uvimbe adimu, unawapata zaidi wanawake waliovuka hamsini, wengi wao waliobeba mizigo mizito, usiponisumbua hautakatwa. Kosmas alilia mbele za watu. Kisha daktari akauliza kama kuna mwanamke mwingine wa ukoo wetu aliyewahi kuwa nao, maana wakati mwingine huonekana kwa ndugu, na akaniandikia jina lake kwenye karatasi: elastofibroma.

Stergios, chumba kilizunguka. Wakaniletea maji, Kosmas akasema ni furaha imenizidi. Haikuwa furaha. Neno lile nilishalisoma mara moja, nikiwa na miaka kumi na sita.

Wewe ulikuwa na minane. Mama, aliyebeba kuni na mawe ya barabara mgongoni tangu usichana wake, alivimba pale pale. Daktari aliyekuwa akipita vijijini aliushika tu kwa vidole, akamwambia Baba ni saratani, ana mwaka mmoja. Wakampeleka mjini akakatwa kipande. Kabla majibu hayajaja, Mama alikufungia mkate na jibini, akakupeleka kwa Mama Mdogo Agathi, akisema hataki umwone akikauka. Hukurudi tena kuishi nasi. Naye hakufa mpaka miaka kumi na tatu baadaye, kwa nimonia. Watu walisema ni muujiza. Wewe ulisema makaburini, nami nilikusikia, "Alipata nguvu ya kuishi miaka yote hiyo, ya kunirudisha ndiyo akaikosa."

Sasa nisikilize. Majibu yalikuja kwa barua. Mama hakujua kusoma, Baba alikuwa msituni na wakata miti, kwa hiyo niliifungua mimi. Ilikuwa na jina lile lile la uvimbe, na chini yake waziwazi: si saratani, hauna madhara. Nilikimbia nayo hadi mlangoni kwa Mama, nikasimama. Alikuwa amelala usingizi, mchana kweupe, mdomo wazi kama mtoto. Unamjua Baba na mkanda wake. Tangu aambiwe kwamba Mama anakufa hakuwa amemgusa hata mara moja. Alikuwa akimchotea maji, akimwita "Lambrini wangu". Nikarudi jikoni nikaitia barua motoni. Jioni nikawaambia wameandika tuzidi kungoja.

Nilijiambia ni wiki chache tu, apumzike. Kisha kila mwezi ulikuwa mgumu kuliko uliopita, nikaolewa, nikanyamaza. Baba hakumpiga tena. Lakini kila sikukuu ya mtakatifu wa jina lako Mama alikuwa akikaa na koti lako dogo mapajani. Nikimwambia akuite, alisema, "Nimrudishe aje anizike?" Na mimi niliyejua ukweli nilikuwa nimekaa mbele yake, namenya viazi.

Hakukuacha, mdogo wangu. Alikukinga na kifo ambacho mimi peke yangu nilijua hakipo.

Waambie mabinti wakiota uvimbe wowote wasikubali kuhukumiwa kwa vidole vya mtu. Wapimwe, na majibu wayasome wenyewe.

Kosmas bado hajui. Nitamwambia nikishaitia hii posta, nisije nikabadili nia. Jumamosi ijayo nitapanda basi la kwanza kuja Volos. Nitakaa kituoni mpaka saa kumi. Usipotokea sitakuja mlangoni kwako, nitapanda basi la kurudi, wala sitakulaumu.

Wabusu mabinti kwa niaba yangu, na Zoi msalimie sana.

Dada yako,
Evanthia